Maziwa ya Gaju katika Bawa la Balsa

Mkishika ubao wa balsa kwa mara ya kwanza, mtafikiri mtu anawachezea. Mkono umejiandaa kwa uzito, kumbe uzito hakuna, na ubao unapaa juu kabla hamjataka kuuinua. Mimi siku yangu ya kwanza niliugonga kwenye taa iliyoning'inia katikati ya atelie, karakana yetu. Papa Zakaria, fundi wangu, alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

"Deo," akaniambia, "hii haiko mbao ya mulango. Hii unaishika sawa vile unashika mutoto mwenye kulala."

Nawaandikia nyinyi vijana wa useremala, nyinyi mnaoniuliza kila mara kama ni kweli kwamba hapa kwetu, kwenye barabara ya kutoka Sake kupanda Masisi, watu walikuwa wakitengeneza ndege. Ni kweli. Zilikuwa ndege ndogo zisizo na motere, yaani injini, za kurushwa kwa mkono, na mabawa yake yalikuwa marefu kama mikono ya mtu mzima akiinyoosha. Tulizitengeneza karibu na Mushaki, miaka ile baada ya vita vya Wazungu, katika atelie ya mabati iliyokuwa baridi hata saa sita mchana. Kazi iliyotulisha ilikuwa milango, viti vya kanisa na mizinga ya nyuki. Lakini Mzungu wa mashamba akitaka zawadi ya mtoto wake, au shule ikitaka kitu cha kurusha siku ya sikukuu, Papa Zakaria alifunga mlango upepo usiingie, akateremsha sanduku la balsa.

Alikuwa mtu wa Walikale, mtu wa msituni. Huko, upande wa Omate, aliwahi kufanya kazi kwa injinia mmoja wa machimbo, mtu mpweke aliyejiliwaza kwa kujenga ndege za balsa. Injinia alihitaji mtu wa kumshikia mbao, na Zakaria alikuwa na mikono isiyotetemeka. Injinia aliporudi kwao alimwachia sanduku zima, pamoja na michoro. Zakaria akalibeba kichwani kutoka msituni mpaka huku juu kwenye ukungu. Aliniambia kwamba njiani watu walimhurumia sana kwa ukubwa wa mzigo ule, naye akawa anajifanya kuelemewa, shingo imepinda, ili wampe viazi.

Sasa nisikilizeni juu ya kazi yenyewe. Mbavu za bawa si shida, mtoto anaweza kuzikata. Shida ni ngozi. Ngozi ndilo jina tulilolipa ule ubao mwembamba wa balsa unaofunika mbavu. Mgongoni mwa bawa unalala vizuri, lakini mbele, pale bawa linapokata upepo, lazima uzunguke, na hapo ndipo unapopasuka. Kwa hiyo kabla ya kukata, shika kila ubao kwa kingo zake mbili, uukunje polepole. Mmoja utakubali. Huo ni wa mbele. Mwingine utakukatalia, na ukiugeuza kwenye mwanga utaona madoa madogo yanang'aa ndani yake. Huo usibishane nao, ukate mbavu.

Halafu msasa. Usiushike kwa vidole, kwa sababu vidole vina nafasi kati yake, na bawa litakuwa na vilima na mabonde kama Masisi. Ufunge kwenye kipande cha mbao kilichonyooka, usukume bila kubonyeza, uzito wa mkono uuache begani. Mimi nilibonyeza muda mrefu sana. Nilikuwa natoboa ngozi, na Papa Zakaria aliyaita matundu yangu madirisha.

"Leo tena umefanya dirisha, Deo? Bantu ya ndani banataka kuangalia inje?"

Hakuwahi kunipiga, wala kunitupia kifaa, na enzi ile mafundi walipiga. Alikata kipande kidogo cha balsa, akaziba tundu, akalainisha, halafu akanirudishia bawa mikononi nianze upya.

Ili ngozi izunguke mbele ya bawa, unailowesha upande wa nje tu, unaikunja polepole, unaifunga kwa vitambaa mpaka ikauke na umbo lake. Maji yanasaidia kidogo. Lakini injinia alikuwa ameacha chupa ya dawa yenye harufu kali ya kutoa machozi, na hiyo ndiyo iliyokuwa na nguvu. Ukiipaka, balsa inalegea kama jani la ndizi lililopitishwa motoni. Siku chupa ile ilipoisha tulipasua mbao mfululizo, na Papa Zakaria akaacha kutania.

Aliyetutoa katika shida hiyo ni Verediana.

Alikuwa binti wa Papa Sebagabo, mfugaji aliyehama Burungu na kuleta ng'ombe wake kwenye malisho ya juu ya Mushaki. Yeye ndiye aliyetuletea maziwa, na maziwa yale hatukuyanywa. Kola ya dukani, ile gundi ya kubandikia, ilitoka mbali, na mara nyingi ilifika imekauka ndani ya bomba lake. Papa Zakaria alijua kutengeneza kola ya maziwa. Unachukua yale yaliyotolewa siagi, unayaacha yagande, unamwaga maji yake, unayaosha mabonge, unayakamua katika kitambaa, kisha unatia chokaa kidogo na kukoroga. Inakuwa uji mzito unaovutika, na ikikauka haiogopi mvua.

Asubuhi ile Verediana aliweka kibuyu chake mezani, akaona tumenuna, akachukua chupa tupu na kuinusa. Akaanza kucheka.

"Papa Zakaria, hii njo dawa ya Wazungu?"

"Njo yenyewe. Imeisha."

"Haiwezi kuisha! Kwetu tunaoshea nayo vibuyu. Hii iko mukojo ya ng'ombe yenye kukaa siku mingi."

Tulimtazama tukidhani anatutania. Kesho yake alikuja na kopo. Tulipaka, tukangoja, Papa Zakaria akakunja ngozi kwenye mbavu za mbele, na ikazunguka yote bila hata kulia. Tangu hapo kopo lile lilikaa chini ya meza, na kibuyu cha maziwa kilikaa juu ya meza. Siku moja katekista alikuja kuuliza viti vyake, akiwa na kiu ya mlima, akalichukua kopo mwenyewe ili anywe. Aliishia kunusa tu, Mungu ni mwema, lakini viti vyake alikuja kuviuliza akisimama nje tangu siku ile.

Verediana alianza kukawia. Alileta maziwa, akabaki kutazama, halafu akashika msasa, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu tangu mwanzo. Alikuwa amezoea kusugua ng'ombe, na ng'ombe ukimbonyeza anaondoka. Siku moja misumari midogo ya kushikilia ngozi haikutosha, Papa Zakaria akatuambia tushike kwa mikono mpaka kola ikamate, Verediana upande huu, mimi upande ule, halafu akatoka kwenda kutafuta kuni. Tulishika. Tulizungumza juu ya mvua, juu ya ndugu zake, juu ya shamba letu. Aliniambia kwamba akiwa mdogo aliogopa sana ukungu, alidhani ng'ombe wanaoingia ndani yake hawatoki tena. Nilimwambia kwamba mimi niliogopa bata. Alicheka, na bawa likatikisika mikononi mwetu, tukalishika vizuri zaidi.

Papa Zakaria aliporudi na kuni zake alisimama mlangoni akitutazama.

"Batoto," akasema kwa upole, "kola ile imekamata zamani. Sasa munashika nini?"

Nataka mjue kwamba mambo hayo hayakuwa mepesi. Baba yangu alikuwa mkulima, na babu yake alilima mlima uleule. Mwaka uliotangulia ng'ombe wa Papa Sebagabo waliingia katika maharagwe yetu na kuyamaliza. Wazee wawili hao walisali kanisa moja, lakini mmoja alikaa mbele kushoto na mwingine nyuma kulia, na baba alikuwa amesema mbele ya watu kwamba katika nyumba ile hatakunywa hata maji. Kwa hiyo mimi nyumbani sikulitaja jina la Verediana, naye kwao hakulitaja langu.

Hakutaja pia kola. Nyinyi wa mjini labda hamjui, lakini kwa wafugaji wale maziwa si kitu cha kuchezea. Huyamwagi ovyo, huyachemshi, kwa sababu ng'ombe atakauka. Baba yake alidhani mafundi wa Mushaki ni watu wa kupenda maziwa, basi.

Ilikuwa kiangazi, majani yamekuwa machache, Papa Sebagabo alipoteremka mwenyewe kuagiza kiti. Alinikuta nimekaa na chungu katikati ya magoti, nakoroga mabonge na chokaa. Kibuyu chake cha mapambo meusi kilikuwa pembeni yangu, kitupu.

Aliinama, akatazama ndani ya chungu. "Hii iko nini?"

Niliendelea kukoroga. Papa Zakaria akajibu badala yangu. "Iko kola, Papa. Kola ya maziwa."

"Maziwa ya Gaju?"

Gaju alikuwa ng'ombe wake wa rangi ya udongo mwekundu, aliyemtoa Burungu akiwa ndama, na njia nzima alitembea mbele yake akimwita kwa jina.

"Gaju anakauka," akasema. Sauti yake haikupanda, na hilo liliniumiza zaidi. "Kila asubuhi namushika, namuuliza: mama, nimekukosea nini? Kumbe ni nyinyi. Munamutilia chokaa, munamupaka kwa miti."

Alichukua kibuyu, akakipangusa ndani kwa shuka lake, akaondoka. Kiti hakukiagiza. Verediana hakuonekana tena.

Tulikuwa na ndege kubwa ya shule mezani, bawa moja limeshavikwa ngozi na jingine bado. Papa Zakaria akasema kwao Walikale wanatumia utomvu wa miti kuziba mitumbwi, utatufaa. Aliagiza utomvu kwa dereva wa lori, tukauchemsha, tukabandika, ukashika vizuri sana. Tulifurahi. Kesho yake jua likatoka, tukaliweka bawa nje, na ngozi yote ikainuka ikafunguka kama mtu anavyovua koti. Papa Zakaria alilitazama, akavua kofia yake.

"Utomvu iko utomvu," akasema. "Twende kwa muzee."

"Kumuomba maziwa?"

"Kumuomba samaha kwanza. Maziwa, tutaona. Na wewe, nyamaza. Mimi njo nitasema."

Papa Zakaria alikuwa na ndege moja ambayo hakuwahi kuiuza. Aliijenga mwenyewe katika msimu wa mvua uliotangulia, kwa maziwa ya Gaju, na mabawa yake aliyalainisha mpaka ukipitisha kiganja huwezi kuhisi mahali ngozi mbili zinapokutana. Aliitoa ukutani, akaivika kitambaa safi, tukapanda mlima nayo.

Papa Sebagabo alikuwa malishoni, amesimama na fimbo yake nyuma ya shingo. Verediana alikuwa mbali kidogo, anakusanya samadi. Aliponiona aliinama haraka akaendelea na kazi. Papa Zakaria alisalimu, akaomba samaha kwa maneno machache, akasema hatukujua kwamba tunamwumiza, na kama tungejua tungemwuliza kwanza. Mzee alisikiliza akiwatazama ng'ombe.

"Munayachemsha?" akauliza mwishoni.

"Hapana, Papa. Moto haifike pale hata siku moja. Tunagandisha tu."

Mabega ya mzee yalishuka. Nilielewa kwamba swali hilo alikuwa amelala nalo tangu siku ile.

"Munionyeshe," akasema, "kitu maziwa yangu imefanya."

Papa Zakaria akaifunua ndege, akanipa mimi. Alikuwa na haki ya kuirusha mwenyewe, ilikuwa yake, lakini alinipa mimi. Nilikimbia kuteremka na upepo usoni, nikaiachia. Vijana wangu, nimeona ndege nyingi baadaye, hata zile kubwa zinazotua Goma, lakini ile iliondoka mkononi mwangu bila sauti yoyote. Ilipita juu ya migongo ya ng'ombe, na ng'ombe mmoja baada ya mwingine wakainua vichwa. Gaju alisahau majani mdomoni. Mzee alishusha fimbo yake polepole.

Kisha upepo wa bondeni ukaigeuza. Ikapinduka upande, ikagonga nguzo ya uzio, ikaanguka.

Nilifunga macho. Nilipoyafungua niliona Papa Zakaria hakusogea, ila alikuwa amekaza mdomo. Aliyekwenda kuichukua ni Papa Sebagabo mwenyewe. Alirudi na vipande, akakaa kwenye majani, akaweka bawa lililovunjika mapajani. Alilichunguza kama anavyochunguza kwato. Alipitisha kidole kwenye mstari ambapo ngozi mbili zilikuwa zimebandikwa, akafuata mstari huo mpaka mwisho, akarudi. Balsa ilikuwa imechanika pembeni yake. Mstari wenyewe ulikuwa mzima.

"Hapa njo fasi ya maziwa?" akauliza.

"Njo hapo, Papa," Zakaria akajibu.

"Muti imevunjika. Maziwa haikuachia."

"Haiachie, Papa."

Mzee aliliweka bawa kwenye majani. Aliwatazama ng'ombe wake, akatazama majani yaliyokauka, na nadhani siku zote alijua ni kiangazi kinachomkausha Gaju. Mvua iliporudi, maziwa yalirudi. Lakini mtu akiogopa kumpoteza anayempenda, anatafuta wa kumkasirikia, na sisi tulikuwa karibu.

"Nitawapa," akasema. "Ila mbele ya kutia chokaa, kila muntu ndani ya atelie anywe kidogo kwanza. Ng'ombe ajue kama hamumutupe."

Papa Zakaria alikubali kwa mikono miwili. Na mjue kwamba tulilishika neno hilo mpaka atelie ile ilipofungwa. Hata Mzungu aliyekuja kuchukua ndege yake, akikuta chungu kinaandaliwa, alipewa kikombe.

Nilidhani yameisha, nikainama kuokota vipande. Mzee akamwita binti yake. Verediana akaja, mikono ameificha nyuma kwa sababu ya samadi.

"Ndege ilianguka kule," Papa Sebagabo akamwambia, akionyesha uzio kwa fimbo. "Bantu yote tuliangalia kule. Hata ng'ombe iliangalia kule. Wewe uliangalia huyu. Sababu ya nini?"

Verediana alizidi kuificha mikono yake. Mimi nilijifanya natafuta kipande kwenye majani, na Papa Zakaria, aliyesema yeye ndiye atakayezungumza, alikuwa ghafla anachunguza mawingu.

"Wewe ni mutoto wa mwenye maharagi," mzee akaniambia.

"Ndiyo, Papa."

"Umwambie baba yako akuje siku ya Mungu, nyuma ya misa. Asikuje juu ya maharagi. Akuje na bantu." Kwetu, baba wa kijana akiambiwa aje na watu, anaitwa kuposa.

Njiani Papa Zakaria alibeba ndege yake iliyovunjika katika kitambaa, na alikuwa anaimba. Nilimwambia nitamjengea nyingine. Akasema, "Utajenga, lakini usitie madirisha."

Kumwambia baba ilikuwa kazi ngumu kuliko bawa lolote. Alinisikiliza akiwa na jembe mkononi. Aliuliza mara moja tu kama nina hakika, halafu akarudi kulima mpaka giza likaingia, na mama akaniambia nimwache. Siku ya Mungu alivaa koti lake la kanisa, akawachukua kaka zake wawili na Papa Zakaria, na wote tukapanda.

Papa Sebagabo alitupokea mlangoni. Hakuna aliyetaja maharagwe. Tulikaa, tukaulizana hali ya watoto na ya mvua, na wakati wote huo nilijua kitakacholetwa, na nilijua baba yangu aliapa nini mbele ya watu. Verediana aliingia na kibuyu, akapiga magoti, akampa baba yangu wa kwanza.

Baba alikishika kwa mikono yote miwili. Aliyatazama maziwa. Kaka zake walimtazama yeye, na Papa Sebagabo alitazama chini, nadhani kwa heshima, asimwone mwenzake akivunja neno lake. Baba akanywa. Alikunywa polepole, bila kupumzika, mpaka yakaisha yote, na povu likabaki kwenye ndevu zake nyeupe, naye hakujua.

"Asanti, mwana wangu," akamwambia Verediana, na akamrudishia kibuyu.

Verediana alikipokea, akasimama, akapita mbele yangu kwenda nje. Hakunitazama hata kidogo, kwa sababu alijua kwamba akinitazama tutacheka wote wawili.